Linux: Chagua Ukoo Kabla ya Kuchagua Sura

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Tangu siku hiyo, kompyuta ambayo mwenyewe hajachukua mpango wa nyongeza haipokei tena viraka vya usalama. Windows 11 nayo ina masharti: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni, ambacho kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Kompyuta mpakato nyingi zilizotumika, zile zinazopangwa kwenye makabati ya vioo Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni za kabla ya hapo. Ni nzima, zinawaka, kibodi zake ni imara, ila mlango wa Windows 11 umefungwa mbele yao.

Ndiyo maana wasomaji wengi sasa wanauliza: niweke Linux gani? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni picha. Mmoja anaonyeshwa skrini yenye rangi za kuvutia, mwingine anaambiwa achukue hii kwa sababu inafanana na Windows, au ile kwa sababu inafanana na Mac. Ushauri wa namna hiyo una kasoro kubwa. Sura ya Linux unaweza kuibadilisha jioni moja bila kufuta faili hata moja. Usichoweza kubadilisha kirahisi ni ukoo wa mfumo wenyewe: masasisho yanakuja kwa mwendo gani, yanakula bando kiasi gani, printa yako itapokelewa vipi, na ukikwama utasaidiwa na nani. Hayo ndiyo utakayoishi nayo kila siku, kwa hiyo hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Kiini kimoja, koo nyingi

Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure. Alichokuwa nacho ni kiini, yaani ile sehemu inayozungumza na kichakataji, kumbukumbu, diski na kibodi. Kiini peke yake hakimfai mtu anayetaka kuandika barua. Kinahitaji zana za kukizunguka, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Kiini hichohicho cha Linux ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android.

Kama vile injini moja ya Toyota inavyoweza kufungwa kwenye daladala, teksi au gari la mizigo, kiini kimoja cha Linux kimefungwa ndani ya mifumo mingi sana. Anayefanya kazi ya kukusanya, kupima, kufungasha na kusambaza ndiye mwenye ukoo. Koo hizo zinatofautiana kwa mambo manne: jinsi zinavyofungasha programu, ratiba ya matoleo, msimamo wao juu ya programu zisizo huria, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Tofauti ya ufungashaji unaiona mara moja. Ukitaka programu ya picha iitwayo GIMP kwenye ukoo wa Debian, unaandika `sudo apt install gimp`. Kwenye Fedora ni `sudo dnf install gimp`, kwenye openSUSE ni `sudo zypper install gimp`, na kwenye Arch ni `sudo pacman -S gimp`. Programu ni ileile, lakini kifurushi cha ukoo mmoja hakiingii kwenye mwingine. Ukipakua faili yenye mwisho wa .deb, hiyo ni ya Debian na watoto wake. Yenye .rpm ni ya Red Hat, Fedora na SUSE.

Eneokazi, yaani menyu, madirisha na aikoni unazoziona, ni jambo jingine kabisa. GNOME, KDE Plasma, Cinnamon na Xfce zinapatikana kwenye koo zote kubwa. Mtu anayekuambia uipende Fedora kwa sababu ya GNOME anakusifia nguo, kwa maana hata Debian inayo.

Debian na kizazi chake

Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993. Haimilikiwi na kampuni. Inaendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wenye katiba yao, wanaomchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura. Kazi yao hupita kwenye matawi matatu. Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi lisilotulia, ikikaa vizuri hushuka kwenye tawi la majaribio, na baada ya miaka miwili hivi mkusanyiko mzima hugandishwa na kuitwa toleo tulivu. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025.

Neno la kushika hapo ni kugandishwa. Ukisakinisha toleo tulivu leo, programu ya ofisi ya LibreOffice uliyoipata itabaki toleo hilohilo kwa uhai wote wa mfumo huo. Kinachokuja ni viraka vya usalama na marekebisho ya kasoro kubwa. Faida yake ni kwamba kompyuta unayoifungua Januari mwakani itafanana na uliyoifunga leo, na menyu zitakuwa palepale. Hasara yake ni kwamba kipengele kipya ulichokisikia kitachelewa kukufikia.

Kwa miaka mingi Debian ilikuwa na sifa moja iliyowakimbiza wageni: diski yake rasmi haikubeba programu funge zinazohitajika na kadi nyingi za Wi-Fi. Mtu alisakinisha, akamaliza, kisha akajikuta hana mtandao wa kupakulia kile kinacholeta mtandao. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kubadilisha hilo, na toleo la 12 la mwaka 2023 likaja na programu hizo ndani. Ukisoma ushauri wa zamani unaosema Debian haitambui Wi-Fi, angalia tarehe yake kwanza.

Mtoto maarufu wa Debian ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kupitia kampuni yake ya Canonical. Wako wanaokumbuka CD za bure zilizokuwa zikitumwa kwa posta hadi mwaka 2011. Ubuntu huchukua vifurushi vya Debian, huviongezea vyake, na kutoa toleo jipya kila Aprili na Oktoba. Mtumiaji wa kawaida ashike yale ya muda mrefu, yanayotoka Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na kuhudumiwa miaka mitano, kama 24.04. Matoleo ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu.

Mjukuu ni Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006 ikiongozwa na Clément Lefebvre, Mfaransa anayeishi Ireland. Mint hujengwa juu ya Ubuntu ya muda mrefu, kwa hiyo nayo ina miaka mitano ya huduma: familia ya Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Menyu iko kona ya chini kushoto pale mkono uliozoea Windows unapoitafuta. Meneja wake wa masasisho huonyesha kila kitu kinachokuja na ukubwa wake, na programu ya Timeshift hutunza picha ya mfumo ili sasisho likiharibu jambo urudi nyuma.

Kuna ugomvi mmoja kati ya Ubuntu na Mint unaomhusu mtumiaji. Canonical inapeleka baadhi ya programu, Firefox ikiwemo, kwa mtindo wake wa Snap, ambapo programu huja na mahitaji yake yote ndani na hujisasisha yenyewe kimyakimya. Mint ilikataa mtindo huo tangu 2020, ikabaki na vifurushi vya kawaida. Kwa mtu mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo hilo ni dogo. Kwa anayenunua GB moja kwa siku, programu inayojipakulia bila kuuliza ni jambo zito.

Red Hat, Fedora na ndugu wa SUSE

Ukoo wa pili ulianza na Red Hat ya Marekani katikati ya miaka ya 1990. Biashara ya Red Hat ni kuuza huduma kwa taasisi: mfumo wake mkuu huwekwa kwenye seva za mabenki na makampuni na kutunzwa kwa miaka kumi. Mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 34.

Mtu wa kawaida hukutana na ukoo huu kupitia Fedora, iliyozaliwa mwaka 2003. Hapa ndipo teknolojia mpya za Linux huingia mapema, kisha zikikomaa huhamia kwenye mfumo wa biashara. Toleo jipya hutoka takriban kila miezi sita, na kila toleo huhudumiwa miezi 13 hivi. Maana yake ni kwamba mwenye Fedora hana budi kupanda toleo angalau mara moja kwa mwaka. Kupanda kwenyewe siku hizi ni salama, lakini ni upakuaji mkubwa. Faida kubwa ya Fedora ni kiini kipya: kompyuta iliyotoka kiwandani mwaka huu ina nafasi nzuri zaidi ya kutambuliwa kikamilifu na Fedora kuliko na toleo tulivu la Debian lenye mwaka na nusu.

SUSE ni ya Ujerumani, ilianzishwa 1992. Mradi wake wa umma, openSUSE, hutoa Leap inayotulia na Tumbleweed inayobadilika mfululizo. Zawadi yake kwa mtumiaji ni kwamba kabla ya kila sasisho mfumo hujipiga picha. Likiharibika jambo, unawasha upya, unachagua hali ya jana kwenye menyu ya kuwashia, na kazi inaendelea. Tatizo lake kwetu si ubora. Ni kwamba si rahisi kumpata fundi wa mtaani anayeifahamu.

Arch na mto usiosimama

Arch ilianzishwa na Judd Vinet wa Kanada mwaka 2002. Haina toleo la mwaka huu wala la mwaka jana. Programu ikitolewa na watengenezaji wake, baada ya muda mfupi iko kwako. Usakinishaji wake rasmi hufanyika kwa kuandika amri, ingawa tangu 2021 kuna hati ya kusaidia. Inakuachia uamuzi wa kila kitu, na inategemea kwamba utasoma. Maktaba yake ya maelezo mtandaoni ni nzuri kiasi kwamba hata watumiaji wa Debian na Fedora huenda kusoma huko. EndeavourOS na Manjaro ni njia zilizorahisishwa za kuingia, na SteamOS iliyomo kwenye kifaa cha michezo cha Steam Deck imejengwa juu ya Arch.

Jihadhari na jambo moja. Arch ina hazina ya nyongeza iitwayo AUR, ambako mtumiaji yeyote anaweza kuweka maelekezo ya kusakinisha programu. Julai 2025 vifurushi kadhaa vyenye programu hasidi vilikutwa humo vikaondolewa. Asiyeweza kusoma hati ya kifurushi na kuelewa inafanya nini asiitegemee AUR.

Nje ya Linux kuna ukoo wa BSD, unaotokana na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. FreeBSD, iliyoanza 1993, husifika kwenye seva na vifaa vya mtandao, na msimbo wake umetumika ndani ya mifumo ya Apple na PlayStation 4. Kwa kompyuta mpakato ya nyumbani, hasa upande wa Wi-Fi, bado iko nyuma ya Linux. Iheshimu, lakini usianzie hapo.

Mwendo si jambo la ladha: somo la Machi 2024

Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ameona mtego ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumiwa na karibu kila mfumo wa Linux. Kilichomshtua ni kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kufungua kompyuta ya mbali, kulikochelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Alipochimba alikuta kwamba mtu aliyejijengea uaminifu kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili ameingiza msimbo wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1.

Angalia ulifika wapi. Ulikuwa umeingia kwenye matawi ya Debian ya mbele, kwenye matoleo ya majaribio ya Fedora, na kwenye openSUSE Tumbleweed. Arch nayo ilikuwa imepokea matoleo hayo. Haukufika Debian tulivu, wala Ubuntu za muda mrefu zilizokuwa mikononi mwa watu, wala mfumo wa biashara wa Red Hat. Mamilioni ya watu walisalimika kwa sababu tu ukoo wao haukimbilii kipya.

Lakini tusitoe hukumu ya upande mmoja. Freund aliugundua kwa sababu alikuwa akitumia tawi la Debian lisilotulia, na kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote kuuchunguza. Wanaokimbia mbele huona mashimo ya barabara mapema, na wanaofuata nyuma hunufaika. Swali lako ni moja: je, kazi yako ya kila siku inakuruhusu kuwa miongoni mwa wa mbele? Kwa mwalimu anayetunza alama za wanafunzi au mwenye duka anayeweka hesabu, jibu ni hapana.

Bando lako lina kauli

Washauri wengi wa teknolojia huandika kana kwamba intaneti ni hewa. Kwetu ina bei, na bei hiyo inatofautiana kwa ukoo.

Anza na upakuaji wa kwanza. Faili ya Ubuntu 24.04 ina karibu GB 6, Mint karibu GB 3, Fedora Workstation ina zaidi kidogo ya GB 2. Baada ya hapo ndipo mwendo wa ukoo unapoanza kukutoza. Debian tulivu kwa wiki ya kawaida inaweza kukuomba kivinjari kipya na viraka vichache. Fedora hupokea masasisho mengi zaidi. Arch na Tumbleweed hubadilisha sehemu kubwa ya mfumo mwezi hata mwezi, na huwezi kuzipumzisha. Kompyuta ya Arch iliyofungiwa kabatini nusu mwaka inaweza kukataa kusasishwa kwa sababu funguo za kuthibitisha vifurushi zimepitwa na wakati. Inakubidi kwanza usasishe kifurushi kiitwacho `archlinux-keyring`. Mtu anayesafiri kwenda kijijini likizo nzima asijiwekee mzigo huo.

Ukoo wowote utakaochukua, jifunze tabia hii. Ukiandika amri ya kusasisha kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kabla ya kuanza mfumo hukuonyesha jumla ya megabaiti zitakazopakuliwa na kusubiri jibu lako. Soma namba hiyo. Ikiwa ni MB 600 na bando la usiku linaanza saa sita, jibu hapana na urudi baadaye. Usiahirishe wiki nzima, kwa kuwa viraka vya usalama ndivyo sababu ya kuhama Windows 10. Na kwenye mipangilio ya mtandao ya GNOME au KDE, utie alama kwamba muunganisho wako unalipiwa kwa kipimo, ili programu zisijipakulie zenyewe.

Jambo la pili ni Flatpak, mtindo wa kusakinisha programu unaofanya kazi kwenye koo zote. Ni mzuri unapohitaji toleo jipya la programu moja juu ya mfumo mtulivu. Lakini programu ya kwanza huja na msingi wake wa mamia ya megabaiti. Tafuta kwanza kwenye hazina ya kawaida ya ukoo wako, na uende Flatpak ukikosa.

Video ya harusi, wasifu wa kazi na printa

Hebu tuone siku ya kawaida. Mdogo wako anakutumia video ya harusi iliyopigwa kwa iPhone. Simu hizo huweza kurekodi kwa mtindo wa HEVC, ambao una hataza. Fedora, kwa kuwa inafungwa na sheria za Marekani, haiweki ndani yake kisomaji cha mtindo huo. Utasikia sauti na kuona giza, mpaka uongeze hazina ya nje iitwayo RPM Fusion au usakinishe VLC kwa Flatpak. Kwenye Mint na Ubuntu kuna kisanduku wakati wa kusakinisha kinachouliza kama unataka programu za sauti na video za watu wengine. Tia alama hapo, na video itacheza.

Kisha unaandika wasifu wa kazi kwa LibreOffice na kuupeleka stesheneri ukachapwe. Huko wanatumia Microsoft Word, na mistari imehama. Hilo halitokani na ukoo, ni suala la fonti. Mwaka 2007 Red Hat ilitoa fonti za Liberation, zenye upana uleule wa Times New Roman na Arial, na siku hizi hupatikana kwenye koo zote. Kwa Calibri na Cambria kuna Carlito na Caladea. Zisakinishe. Na waraka wa kuchapwa upeleke kwa PDF, hapo hautahama hata nukta.

Printa ndiyo inayotofautisha koo waziwazi. Za HP nyingi hukubaliwa kote. Lakini kampuni inapotoa programu yake ya kuendesha printa kwa ajili ya Linux, mara nyingi hutoa .deb na .rpm basi. Mwenye Mint au Fedora anapakua na kubofya. Mwenye Arch anamtegemea mtu mwingine aliyeifungasha upya. Kadi za picha za NVIDIA ni vivyo hivyo: Ubuntu na Mint zina dirisha la kuchagua kiendeshi, Fedora inakupeleka RPM Fusion.

Na kama kadi ya Wi-Fi haijatambuliwa, usikate tamaa. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kupitia USB, na karibu koo zote zitaiona simu kama mtandao wa waya. Pakua kinachokosekana, kisha endelea.

Nani mwenye nyumba?

Programu huria haina maana kwamba hakuna mwenye mamlaka. Mfumo wa CentOS ulikuwa nakala ya bure ya mfumo wa biashara wa Red Hat, na taasisi nyingi zilisakinisha toleo la 8 zikijua litahudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma ya toleo hilo itakoma mwisho wa 2021. Watu waliachwa na mwaka mmoja wa kuhama.

Habari njema ni kwamba msimbo ulikuwa wazi, na ndani ya 2021 zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux kuziba pengo. Huo ndio ulinzi wa chanzo huria: mwenye nyumba akifunga mlango, wapangaji wanaweza kujenga nyumba ileile jirani. Hata hivyo uhamaji ni kazi. Anayetaka uhakika wa miaka mingi apime kama ukoo wake unaongozwa na jumuiya, kama Debian, au na kampuni ambayo inaweza kubadilisha mipango. Mint yenyewe inatoa toleo la akiba liitwalo LMDE, lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, ili likitokea la kutokea Ubuntu, watumiaji wake wasiyumbe.

Basi uchukue nini?

Kwa mwalimu, mwanafunzi, katibu, mwenye duka na yeyote anayetoka Windows: Linux Mint. RAM ikiwa GB 8, chukua yenye Cinnamon. Ikiwa GB 4, chukua yenye Xfce. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yatakufaa moja kwa moja, na fundi aliyewahi kugusa Linux huenda alianzia ukoo huu.

Kwa maabara ya shule, ofisi ya kijiji au kompyuta ya wazazi ambayo hutaki iguswe kila mara: Debian tulivu yenye Xfce. Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa iongeze programu ya Kiwix, inayofungua Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, bila mtandao baada ya kuipakua mara moja.

Kwa mwenye kompyuta mpya kabisa na intaneti nzuri: Fedora. Inamfaa pia kijana anayesomea TEHAMA na kulenga kazi za seva, maana amri atakazozoea ndizo za Red Hat na AlmaLinux.

Kwa anayetaka kuelewa kompyuta kwa ndani: Arch, kwenye mashine ya pili, siyo ile yenye tasnifu yake.

Na kwa mhasibu au msanifu ambaye programu yake kuu ni ya Windows pekee: usihame kwa mkumbo. Fungua orodha ya programu unazozitumia kila wiki, uone zipi zinaendeshwa kwenye kivinjari na zipi hazina mbadala. Ikiwa riziki yako imefungwa kwenye moja isiyo na mbadala, weka mifumo miwili kwenye mashine moja au bakia ulipo kwa sasa.

Onyo moja kwa wote: usichanganye koo. Kuongeza hazina ya Ubuntu kwenye Debian ili upate programu moja mpya ndiyo njia ya haraka ya kuvunja mfumo, kwa sababu vifurushi vyake havikupimwa pamoja.

Kabla hujafuta chochote

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, na ufungue mbili tatu kuhakikisha zimekaa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wa kuirejesha mahali pengine. Pakua mfumo kutoka tovuti rasmi tu, kisha linganisha alama yake ya uthibitisho ya SHA-256 na iliyoandikwa kwenye tovuti hiyo. Hilo si woga: Februari 2016 wahalifu waliingilia tovuti ya Linux Mint na kwa muda mfupi wakawaelekeza watu kwenye faili yenye mlango wa siri.

Andika faili hiyo kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher. Zima, washa, na ubonyeze F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP, uchague flashi. Mint, Ubuntu na Fedora zitafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tumia nafasi hiyo vizuri: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga wa skrini na printa, kisha funga kifuniko na kufungua uone kama inaamka. Kinachofanya kazi hapo kwa kawaida kitafanya kazi baada ya kusakinisha. Kisichofanya kazi, umekijua kabla ya kulipa gharama.

Ukishachagua, kaa. Mchagua jembe si mkulima. Wapo watu wanaobadilisha mfumo kila mwezi wakitafuta ulio kamili, na hakuna hata mmoja wanaoufahamu. Miezi sita ndani ya ukoo mmoja itakupa ujuzi ambao mizunguko kumi haitakupa.

Na ukishazoea, rudisha kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Nafasi hiyo bado ipo: tafsiri menyu, ripoti kasoro, mfundishe jirani, gawa flashi yako. Mifumo hii imejengwa na watu wa kawaida waliokubali kutoa saa zao, na inangoja nasi tuingie tukiwa wajenzi, siyo wapakuaji tu.